Maji ya Kutema

Mshamu Ngwele alikuwa fundi wa kupatanisha watu, na mtu wa namna hiyo akishikwa na wivu hana pa kupeleka shauri lake. Aende kwa nani, naye ndiye anayeendewa? Kwa miaka kumi na miwili alikuwa mzee wa baraza mtaani kwao Kibiti. Alipatanisha wakulima na wafugaji ambao ng'ombe wao walilala katikati ya mpunga wa watu, wake na waume, ndugu waliogombea mikorosho, na mara moja hata imamu na muadhini wake. Kinyozi hajinyoi. Wivu ulipomwingia ukakaa, naye akawa anauficha kama mtu anayeficha upele.

Kila shauri lake liliishia kwenye kikombe cha bati ambacho baba yake aliteremka nacho kutoka milima ya Umatumbi. Aliyekosa hutamka kosa lake kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu. Kisha aliyekosewa hupewa kikombe, huchukua funda moja la maji, akalitema chini. Kinyongo kimetoka na maji. Tangu hapo shauri halifufuliwi, na atakayelifufua ndiye mkosa mpya. Aliyekosewa akiyameza maji, maana yake kinyongo kimeshuka tumboni na shauri bado lipo, lakini hilo lilisemwa tu kwa sababu wazee walilisema. Katika baraza la Mshamu hakuna aliyewahi kumeza. Alipenda kuwaambia wageni hivyo, akiinua kidole: hata mmoja.

Mkewe Warda alikuwa mwalimu wa sekondari. Mwaka uliopita alipata nafasi katika chuo kimoja cha Dar kusomea shahada ya uzamili ya ujenzi wa amani na utatuzi wa migogoro, masomo ya mwisho wa wiki, na Mshamu akafurahi kweli. Alilitangaza jambo lile msikitini baada ya sala. "Mke wangu anakwenda kusomea kazi yangu," alisema, watu wakacheka, naye akacheka kuliko wote.

Kicheko kile kilidumu muhula mmoja.

Kwanza alikuja Ridhiwani. Huyu alikuwa mfanyakazi wa shirika fulani kule Ikwiriri, kijana wa miaka thelathini na kitu, anasoma darasa moja na Warda. Alikuwa na gari dogo jeupe, na kwa kuwa njia yake ya kwenda Dar ilipita Kibiti, kila Ijumaa jioni alisimama nje kwa Mshamu, akapiga honi mara moja, kwa adabu. "Shikamoo, shemeji," alisema, na Mshamu alimchukulia mkewe begi mpaka kwenye gari, akalipakia, akafunga mlango wa gari la mwanamume mwingine mkewe akiwa ndani. Jumapili usiku alifungua mlango uleule.

Kisha wakaja watu wenyewe, wenye mashauri. Siku moja mzee wa wafugaji, mrefu, fimbo begani, alibisha hodi akiwa na jogoo. Mshamu alivaa kofia yake akatoka.

"Mwalimu yupo?" mzee yule aliuliza.

"Mimi nipo."

Mzee alimtazama, akamtazama jogoo. "Basi nitarudi jioni," alisema, akaondoka na jogoo wake.

Mshamu alirudi ndani akaivua kofia.

Dada yake Zabibu ndiye aliyeona mapema. Zabibu alikaa nyumba ya tatu na hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Asubuhi moja alikuja kuazima kinu, akamkuta kaka yake anafagia uwanja, kazi ambayo zamani hakuijua.

"Ala! Kaka, siku hizi fagio limekuoa?"

"Mwenzio yuko shuleni."

"Shuleni anafundisha, chuoni anafundishwa, na njiani je?" Zabibu alicheka. "Mie simo. Nasema tu wifi yangu kapata dereva mzuri, hana hata kitambi."

Ulikuwa utani tu. Zabibu alimpenda Warda, na jioni ileile wawili hao walikaa jamvini wakichambua mchele na kunong'onezana mambo yao. Lakini mtu mwenye wivu ukimtania unamtilia chumvi kidondani, na Mshamu alishindia maneno yale siku mbili.

*

Siku ya tatu aliona daftari la mkewe mezani. Hakulipekua, au tuseme alilipekua kidogo. Kwenye ukurasa wa kwanza kulikuwa na orodha ndefu ya namba, na mbele ya namba ya saba paliandikwa: mwanamume, miaka 52, mzee wa baraza, elimu ya msingi, Kibiti.

Warda aliporudi kutoka shule alimkuta ameketi mbele ya daftari hilo.

"Huyu ni mimi?"

Warda aliweka mkoba chini. "Ndiyo, Baba Saidy. Hukumbuki nilikuhoji mwezi wa pili?"

"Sina jina?"

"Hakuna mwenye jina humo. Ndiyo utaratibu wa utafiti, kila mtu ana namba yake."

"Namba saba."

"Ni namba tu. Haina cheo."

"Na namba moja ni nani?"

"Siwezi kukwambia."

"Mie mumeo."

"Niliwaahidi watu, Baba Saidy. Wengine wamesema mambo mazito. Na wewe nilikuahidi hivyohivyo."

"Huyo Ridhiwani anawajua?"

Warda alivuta kiti akaketi. Alikuwa ameshika chaki tangu saa moja asubuhi na bado hajala. "Ridhiwani ana utafiti wake," alisema, "anaandika mambo ya mipaka ya vijiji. Sasa hivi umeniuliza swali gani hasa?"

Mshamu alisema hakuuliza kitu. Alikwenda kukaa nje. Lililomuuma si namba. Lililomuuma ni lile neno la elimu ya msingi, kwa kuwa lilikuwa kweli na hapakuwa na wa kumlalamikia. Baraza zima lilimwita Mzee Mshamu, na ndani ya nyumba yake mwenyewe alikuwa mtu wa darasa la saba.

*

Jumanne iliyofuata, Warda akiwa kazini, Mshamu aliingia chumbani akafunga mlango kwa komeo. Kinasa sauti ambacho Warda alihojia watu kilikuwa chini ya kanga, kidogo, cheusi, mwanawe Saidy alimwonyesha zamani namna kinavyowashwa. Alichomeka waya masikioni, akaketi kitandani na viatu vyake.

Alikuwa anamtafuta Ridhiwani. Tuseme wazi kwa sababu yeye mwenyewe hakujiambia wazi. Alitaka kusikia kicheko, neno la pembeni, kitu cha kukishika mkononi na kusema nilijua mie.

Ridhiwani hakuwemo. Palikuwa na wazee wa Mohoro wakieleza habari za mafuriko na mashamba yaliyohamishwa mipaka na maji. Palikuwa na mfugaji aliyesema kuwa ng'ombe hasomi bango. Palikuwa na yeye mwenyewe, namba saba, akisema kwa sauti nene kuwa katika baraza lake hakuna aliyewahi kumeza, hata mmoja. Alijisikiliza mara mbili, akaridhika kidogo.

Halafu wakaja wanawake. Mwanamke mmoja wa Mbwara alianza kusimulia, akakwama, ikasikika anapenga kamasi, na Warda akasema, "Pole, dada yangu. Usiharakishe. Mie nipo."

Mshamu alisimamisha mashine. Sauti ile aliijua. Ndiyo sauti Warda aliyomsemesha nayo mwaka ule wa kwanza wa ndoa, alipofiwa na mama yake. Alidhani imekwisha, kama mambo mengine ya ujana yanavyokwisha. Kumbe ipo, ameitunza vizuri, na anakwenda kuigawa Mbwara kwa watu asiowajua. Wivu wa gari ulikuwa mdogo. Huu ulikuwa mkubwa.

Angeishia hapo. Lakini mwenye wivu hashibi, na Mshamu akabonyeza iliyofuata.

"Namba kumi na tisa," ilisema sauti ya Warda. "Haya, wifi. Sema unavyotaka."

Wifi.

"Niseme nini wakati unayajua," alisema Zabibu. Alikuwa hacheki. "Mama alituachia mikorosho ishirini na sita, kaka akaniachia mimi yote, Mungu amlipe. Mume wangu akaiuza, mimi niko Mohoro nauguza. Nikarudi nakuta mtu anaokota korosho zangu. Nikaenda barazani. Kaka akasema mnunuzi ana watoto, fedha imeshaliwa, mume amekiri, basi dada, chukua maji."

"Ukafanyaje?"

"Nikatema. Watu arobaini wananitazama, mwenye kikombe kaka yangu, wewe ungemeza? Mwanamke akimeza ataambiwa ana roho mbaya, ataambiwa mchawi. Sisi wote tunatema. Maji yanatoka, kinyongo kinabaki. Mie ninacho mpaka leo, wifi. Nafuturu nacho."

"Kaka yako anajua?"

"Kaka? Kaka anajua kuhesabu waliotema."

Mshamu alivua waya masikioni. Kuku nje walikuwa wanaparua majivu. Alikaa pale, na jambo la kwanza lililomjia, aibu iliyoje, halikuwa huruma kwa dada yake. Lilikuwa wivu. Yeye na Zabibu walinyonya ziwa moja, na miaka minane tangu shauri lile Zabibu alimletea vitumbua na utani, lakini neno la kweli akampa Warda. Na Warda atalipeleka Dar, watu wenye miwani walisome, wamjadili mzee wa baraza wa elimu ya msingi ambaye kazi yake yote ilikuwa maji kumwagika chini.

Alitoa memori kwenye kile kinasa sauti. Ilikuwa ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Alitoka uani, akaingia chooni, akaiachia.

*

Yalikuwemo mahojiano thelathini na moja. Warda alikuwa ameshayaandika tisa. Mengine ishirini na mawili yalikuwa humo tu, akingoja likizo ya mwezi wa sita ayaandike na kumpelekea msimamizi wake nakala. Tasnifu ilitakiwa mwezi wa tisa. Ikipita hapo, atalipa ada ya mwaka mwingine, na ada hii ya kwanza tu ilitokana na mkopo wa mshahara wake.

Alitafuta siku mbili. Alikung'uta magodoro, alimwaga unga kwenye sinia, alipiga magoti mbele ya makabati ya ofisi ya walimu huku wenzake wakimwangalia. Mshamu alimsaidia. Alishika tochi akamulika chini ya kitanda.

"Panya hao," alisema. "Panya wa siku hizi wanabeba chochote."

"Panya atafungua mashine, Baba Saidy?"

Mshamu akaendelea kumulika.

Jioni ya siku ya pili Ridhiwani alikuja na kompyuta yake. Alisema mashine nyingine huwa na kumbukumbu yake ya ndani, wajaribu, wasikate tamaa. Waliketi mezani sebuleni, yeye na Warda, vichwa vimeinamia kioo kimoja. Mshamu alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, ndani ya nyumba yake, hakuna aliyemuuliza kitu. Ridhiwani alibonyeza, Warda akamwonyesha kwa kidole, Ridhiwani akasema ngoja, ngoja kwanza. Mara kitu fulani kikatokea, Warda akamshika mkono juu ya kiwiko. "Ndiyo hiyo?" aliuliza, kwa sauti ile.

"Haimo humo!" Mshamu alisimama. "Haimo. Iko chooni."

Wote wawili waligeuka.

"Niliitupa mie. Jumanne."

Kilichotokea kwenye kioo yalikuwa tu matangazo ya redio Saidy aliyoyanasa akiwa likizo. Ridhiwani alifunga kompyuta yake taratibu, akasema shemeji, kwaherini, akatoka bila kumaliza chai.

Warda hakupiga kelele. Mshamu alingoja kelele, alikuwa na majibu ya kelele.

"Umesikiliza?" Warda aliuliza.

"Kidogo."

"Mpaka namba ngapi?"

Mshamu alianza kukusanya vikombe vya chai.

"Basi umefika kwa wifi," alisema Warda. Alikwenda chumbani, akatoka na mkoba. "Nilimuahidi kuwa hutajua kamwe. Sasa nimekuwa mwongo kwa sababu yako." Shule zilifungwa kesho yake, akaenda Mohoro kwa mjomba wake, Mzee Bwanaheri, aliyemlea.

*

Wiki ilipita. Mshamu alilala peke yake, akala ubwabwa wa Zabibu, na Zabibu hakumtania. Hilo lilimtisha. Mwishowe alifanya analolijua. Alipiga simu Mohoro akaomba sulhu, akavaa kanzu, akachukua kikombe cha bati, akamwambia Zabibu waende wote, amshikie maji. Walivuka daraja la Rufiji. Mshamu hakumwambia dada yake alichosikia. Alijiambia ni kumsitiri. Moyoni alijua ni kujisitiri.

Kwa Mzee Bwanaheri walikuta watu kama kumi na watano wamekwishaketi uani, wajomba, mashangazi, majirani wawili wa kushuhudia. Warda alikaa na wanawake, mtandio umefunika paji la uso.

Mshamu alitamka kosa lake. Alilitamka vizuri kuliko watu wote aliowahi kuwatamkisha. Alisema wivu ulimpanda, alisema alichukua jasho la mke wake akalitupa pasipostahili, hakujitetea, hakumtaja Ridhiwani. Mashangazi walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mwanamume wa kukiri hivyo nani anampata siku hizi?

"Mwanangu," Mzee Bwanaheri alimwambia Warda, "mume amekiri, tena amekiri kiume. Sasa twende kwenye maji."

"Mjomba, nina swali."

"Sema."

"Nikitema, nani atarudi Mbwara kuwaomba wale wanawake waseme tena? Mmoja ilinichukua miezi mitatu mpaka akafungua mdomo. Na ada ya mwaka mwingine nani atatoa?"

"Hayo mtazungumza wenyewe nyumbani, taratibu."

"Baada ya kutema hakuna kuzungumza. Nikizungumza nimefufua shauri, mkosa nakuwa mie. Ndiyo sheria yake, muulize mwenye kikombe."

Watu walimgeukia Mshamu. Ilikuwa kweli, na mwenye kikombe alikuwa yeye. "Ndiyo sheria," alisema.

"Tema kwanza, mwanangu," alisema shangazi mmoja. "Usimwaibishe mumeo mbele za watu."

"Tema, Warda," alisema mwingine. "Una watoto."

"Tema, yaishe."

Zabibu alimimina maji kutoka kwenye birika na kumpelekea kikombe. Warda alikipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Alichukua funda, shavu likajaa. Mshamu alishapumua. Miaka kumi na miwili alikuwa akitazama midomo ya watu ikifunguka, na aliijua dakika hiyo vizuri, aliipenda kuliko chakula.

Mdomo haukufunguka. Aliona koo la mkewe likipanda, likashuka.

"Amemeza?" alinong'ona jirani mmoja.

"Ala! Kameza!"

"Wifi," alisema Warda, akimrudishia Zabibu kikombe, na sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, ya mtu aliye nyumbani. "Niongezee. Lilikuwa dogo."

Katika umri wake wote Mzee Bwanaheri hakuwahi kuliona jambo hili na hakujua linafuatiwa na nini. Alimtazama Mshamu, fundi, amsaidie. Mshamu alikuwa anamtazama dada yake.

Zabibu alimimina maji mpaka yakafika ukingoni. Hakumpa Warda. Alisimama na kikombe kile mbele ya kaka yake, akakiinua, akanywa funda moja kubwa, akameza, akajipangusa mdomo kwa ncha ya kanga.

"Hili la mikorosho, kaka," alisema.

Kisha akampa wifi yake yaliyobaki.